Uvimbe Usiouma

Wako wazee wengi miongoni mwetu, waume kwa wake, ambao hawavuti sigara wala kiko, nao husema, "Mimi natia ugoro kidogo tu mdomoni." Huenda mmoja wao ni bibi yako aliyekulea. Habari hii ni yao, nasi twaomba wasomewe polepole.

Mwaka 1948 daktari mmoja wa Marekani, Lauren Ackerman, aliandika juu ya namna ya saratani ya kinywa isiyokimbia kama nyingine. Huanza kwa waa jeupe ndani ya shavu au juu ya ufizi, mara nyingi pale pale tumbaku ilipozoea kukaa. Waa huzidi kuwa nene, likaota vinundu kama chunjua, na miaka ikipita huenea shavuni. Katika majimbo ya kusini ya nchi ile wanawake wengi walikuwa na desturi ya kuweka ugoro kati ya shavu na ufizi. Uchunguzi wa North Carolina uliotolewa mwaka 1981 ulionyesha kuwa kwa wale waliofanya hivyo miaka mingi, hatari ya saratani ya shavu na ufizi, ya kila namna, ilikaribia mara 50 ya hatari ya wasiotumia tumbaku.

Hila ya ugonjwa huu ni upole wake. Mwanzoni hauumi sana, tena ni nadra kupeleka mbegu zake mbali mwilini. Basi mtu husukutua maji ya chumvi akangoja. Kumbe wasukuma nyama iliyo chini yake, na ukiachwa wafika mfupa wa taya. Walakini upole huo huo watupa nafasi, maana ukikatwa wote mapema wengi hupona.

Liko neno la kumwambia daktari bila haya. Akikata kipande cha juu tu akakitazama kwa darubini, pengine kitaonekana kama ngozi nene isiyo na dhara, kwa kuwa ubaya wake hujulikana shinani. Ukijibiwa kuwa si kitu, na uvimbe ungali wakua, rudi ukaombe kipande cha ndani zaidi.

Leo jioni mketishe bibi mlangoni penye mwanga, avute shavu kwa kidole, mtazame pande zote mbili na chini ya ulimi. Aache ugoro, na waa jeupe lisilofutika kwa kitambaa, likikaa zaidi ya majuma mawili, apelekwe hospitali, hata kama haliumi.