Fahamu: Kadi ya M-Pesa ya kununulia mtandaoni

Ni nini?
M-Pesa GlobalPay ni kadi ya Visa isiyoshikika mkononi. Safaricom na Visa waliizindua nchini Kenya Juni 2022, ili mwenye M-Pesa alipie bidhaa kwenye tovuti za nje hata kama hana akaunti ya benki.

Inafanyaje kazi?
Mteja huifungua kwenye simu yake, akapata tarakimu 16 za kadi, tarehe ya mwisho na nambari ya usalama yenye tarakimu 3. Nambari hiyo hudumu kwa muda mfupi tu, basi mwizi akiinasa baadaye haimfai kitu. Pesa hukatwa kwenye salio la M-Pesa.

Na maduka ya Kenya?
Mengi hayahitaji kadi. Duka hutuma ombi, kidirisha kinatokea kwenye skrini ya mnunuzi kikionyesha kiasi na jina la biashara, naye huweka PIN. Hapo ndipo pa kutulia: jina lisomwe kwanza. Mtu haombwi PIN, iwe kwa simu au kwa ujumbe; anayeiomba ni tapeli.

Pesa zikienda kimakosa?
Ujumbe wa M-Pesa wa muamala huo hutumwa mara moja kwenda nambari 456 ili kuomba zirudishwe.