Sanduku laweza kuwa adui wa vitambaa vyako

FUNDI anayeshona mablanketi na foronya za viraka huishi kwa akiba. Kipande cha leso, kitenge au bafta alichobakisha leo huenda akakihitaji baada ya miaka mitatu. Aghalabu hukikunja, akakitia sandukuni pamoja na vidonge vichache vya naftalini, akafunga kifuniko akiamini kwamba amekilinda. Siku ya kukitoa hupata kina madoa ya manjano mikunjoni, kinanuka ukungu, au kinachanika mara tu sindano inapopita.

Lawama huwaendea mende na panya. Hata hivyo, mara nyingi mharibifu ni kile kilichokigusa kitambaa muda huo wote: sanduku lenyewe, mfuko au karatasi.

Nyuzi za pamba hudhoofishwa na asidi. Mbao zote, hata za sanduku la fahari alilorithi mtu kutoka kwa bibi yake, hutoa mvuke wenye asidi kidogo kidogo. Magazeti na maboksi ya kawaida ya karatasi ngumu ni vivyo hivyo, kwa kuwa hutengenezwa kwa mbao. Gazeti linalogeuka manjano likiwa rafuni hukigeuza manjano pia kitambaa lililokifunika, na wino wake huacha alama.

Si lazima kulitupa sanduku la mbao. Litandike kwa shuka nyeupe ya pamba au kitambaa cha marekani kilichofuliwa na kusuuzwa vizuri, pande zote hadi juu, kisha ukifue kitambaa hicho kila baada ya miezi kadhaa. Sanduku la bati nalo litandikwe vivyo hivyo, maadamu doa la kutu ni vigumu kulitoa.

Plastiki nazo si sawa. Tazama chini ya chombo ukitafute kipembetatu cha mishale chenye nambari. Nambari 5, yaani polipropilini, pamoja na 2 na 4, ambazo ni polithini, zafaa. Epuka nambari 3, yaani PVC, ile plastiki laini yenye harufu kali inayotumiwa kushonea mifuko mingi ya kuwekea mablanketi. Kadiri inavyozeeka hunata na kutoa kemikali zinazodhuru nyuzi na rangi. Iwapo bado umeweka vitambaa katika mifuko ya plastiki ya madukani, iliyopigwa marufuku nchini mnamo Agosti 2017, vitoe. Hunasa unyevu, na maandishi yake huweza kuambukiza rangi.

Kwa wakazi wa Mombasa, Lamu na kwingineko Pwani, unyevu ndio mtihani mkubwa. Ukungu huota kwa urahisi unyevu wa hewa unapozidi asilimia 65. Kwa hivyo, hata chombo kizuri cha plastiki kisifungwe kabisa. Fua vitambaa kwanza ili kuondoa wanga, ambao huwavutia mende, kisha uvikaushe barabara na uvipoze kabla ya kuvikunja. Viweke mbali na sakafu, ukuta wenye unyevu na dirisha, kwani mwanga hufifisha rangi.

Suala la naftalini ni zito zaidi, kwa sababu linahusu uhai. Vidonge hivyo hukusudiwa kuzuia nondo, ambao mabuu yao hula sufu na hariri. Leso safi ya pamba si chakula chao. Mtu huingiza sumu nyumbani kwa faida ndogo mno.

Leso hiyohiyo ndiyo humfunika mtoto mchanga. Baadhi ya watoto huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali ya kurithi inayopatikana zaidi katika maeneo yaliyozoea malaria, Pwani yetu ikiwemo. Mtoto wa aina hiyo akivuta mvuke wa naftalini uliobaki katika nguo, chembe zake nyekundu za damu huweza kuvunjika, ngozi na macho yakawa manjano, na asipotibiwa haraka ubongo ukadhurika au akafariki. Ukiona dalili hizo, mpeleke hospitalini bila kukawia na umweleze daktari kuhusu vidonge hivyo. Umoja wa Ulaya ulivipiga marufuku mwaka wa 2008. Karafumaiti pia si mbadala salama kwa mtoto huyo.

Badala yake, tegemea usafi na ukaguzi. Kila baada ya miezi mitatu, toa vitambaa, vipunge hewa kivulini, kisha uvikunje kwa mistari tofauti na ya awali ili mkunjo mmoja usikate nyuzi. Usivifunge kwa mipira, ambayo huyeyuka na kugandamana, wala kuvibana kwa pini za chuma. Ukanda wa pamba watosha.

Hatimaye, panga vipande kwa aina na rangi, rangi zinazochuja zikiwa peke yake, na uandike kwa penseli kipande cha kitambaa cheupe kinachoeleza kilichomo na siku ya kukaguliwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Fundi anayejua alicho nacho hahitaji kufukua sanduku zima, wala kununua upya kile kinachoozea ndani yake.