Je, Wajua? Sinki Limeziba

Je, wajua kwamba dawa ya sinki lililoziba imo ndani ya kitenzi chenyewe? Ziba, zibua. Ni utenguzi uleule wa funga na fungua, kunja na kunjua. Kifaa chake basi ni kizibuo: kikombe cha mpira kilichochomekwa mpini wa mti, cha bei ndogo, na nyumba nyingi hukinunua siku maji yameshasimama.

Je, wajua kwamba jina la Kilindini, bandari ya Mombasa, limetokana na kilindi, maji yenye kina kirefu? Ndiyo maana meli kubwa hutia nanga upande ule wa kisiwa. Sinki nalo lina kilindi chake, lile bomba lililopinda chini ya beseni, na hapo ndipo shehena hukwama. Usimlaumu fundi. Maji yanayobaki kwenye kipinde huzuia harufu ya shimo isipande jikoni. Hataza ya kipinde cha namna hiyo, kwa ajili ya choo, aliipata Alexander Cumming mwaka 1775. Alikuwa fundi wa saa kutoka Uskochi.

Je, wajua kwamba mafuta ya nazi huganda yakipoa chini ya nyuzi 24 hivi za Selsiasi? Wanaoyapaka nywele hawahitaji kuambiwa. Wakati wa kaskazi chupa humiminika yenyewe. Ikifika Julai, pepo za kusi zikivuma, alfajiri mtu huyachokonoa kwa kijiti. Mafuta ya tui lililobaki kwenye sufuria ya mchuzi ni yaleyale, na bomba halina joto la ziada la kuyayeyusha. Sinki lililopitisha maji vizuri Februari laweza kugoma Julai, na mpishi hajabadilisha lolote. Mafuta ya mbuzi ni magumu zaidi, huganda hata kwenye joto la Machi. Mimi mshukiwa wangu wa kwanza siku zote ni sahani za biriani.

Na mafuta yakiachwa yakusanyike? Mwaka 2017, chini ya mtaa wa Whitechapel jijini London, mafundi walikuta jabali la mafuta na vitambaa lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130. Kipande chake kikawekwa makumbusho.

Wali hauyeyuki, huvimba. Unga wa chapati ukilowa ni gundi. Machicha ya nazi na magamba ya samaki yana ndoo yake ya taka.

Je, wajua kwamba visima vya Mji wa Kale vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, na maji yake hubeba chokaa? Sabuni hapo haitoi povu la maana. Hugeuka utando mweupe unaoshika kuta za bomba na kulifinya kidogokidogo.

Maneno nayo huchanganya: Mvita, yaani Mombasa, mfereji ni pale unapokinga maji kwa ndoo. Mtu wa Dar es Salaam ukimwambia mfereji umeziba, atatazama mtaro barabarani.

Je, wajua kwamba magadi na siki havizibui kama watu wanavyodhani? Magadi yetu hutoka Ziwa Magadi, Kajiado, ambako kampuni ya kuyachimba iliundwa mwaka 1911, na shehena yake husafirishwa ng'ambo kupitia Kilindini hapahapa. Yakikutana na siki hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi. Mchemko wake wapendeza macho, lakini tonge la mafuta halitikisiki kwa mapovu.

Linatikisika kwa mpira wa kizibuo, ukijua kuutumia. Wengi husukuma kwa nguvu zote wakasahau kuvuta, na kuvuta ndiko kunakong'oa. Kwanza ziba kwa kitambaa kibichi lile tundu dogo la juu la beseni, na kama sinki ni la mabeseni mawili, ziba la pili pia. Ukiliacha wazi, nguvu zote zitatokea huko. Acha maji yaufunike mpira, kwa sababu hewa hubanwa ikasinyaa ilhali maji hayakubali kubanwa. Uingize mpira kwa ubavu ili hewa itoke. Paka ukingo wake mafuta ya mgando ushike vyema. Kisha piga mara 15 hadi 20, juu chini, bila kuuinua, na pigo la mwisho uchomoe kwa ghafla.

Ila usipige kamwe ukiwa umeshamwaga dawa kali ya kuzibulia. Itakurukia machoni. Wala usichanganye dawa ya klorini ya kung'arishia nguo na siki au tindikali yoyote: gesi inayotoka ni ileile iliyotumiwa kuua askari vitani pale Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915.

Je, wajua kwamba katika nyumba za ghorofa ugonjwa huenda usiwe wako? Jirani wa juu akiosha vyombo na sinki lako likajaa, bomba la pamoja ndilo lililoziba. Hapo weka mpira chini, mwite fundi, na gharama mgawane.

Kama ni lako peke yako na mpira umeshindwa, fungua kwa mkono kile kipinde cha chini. Lakini weka ndoo kwanza.