Mtu Mmoja, Wahusika Wawili: Mchezo wa Mshika Mbili

Huenda umemwona mwanao, au hata baba watoto, ameketi mbele ya kompyuta mbili kwa wakati mmoja, mkono mmoja huku na mwingine kule, naye haitiki ukimwita. Ukichungulia, unaona vijitu viwili vinafuatana porini. Wengi wetu hapo tuna neno moja tu: "Zima!" Mwezi huu tumeona tulizungumzie jambo hili, maana ni vigumu kumshauri mtu juu ya kitu tusichokijua.

Ni mchezo gani huo?

Ipo michezo ya intaneti ambayo mchezaji huigiza mhusika katika nchi ya kubuni, na maelfu ya watu wengine humo humo wakiwa na wahusika wao. EverQuest ulitolewa Marekani mwezi Machi 1999, na World of Warcraft ukafuata mwaka 2004. Katika michezo hii hakuna mhusika anayeweza kila kitu. Mpiganaji ana ngao na upanga lakini hawezi kujitibu vya kutosha. Mponyaji anatibu majeraha, lakini akishambuliwa yeye hadumu. Kwa hiyo watu hujiunga katika vikundi; kikundi cha EverQuest huchukua hadi watu 6. Mchezo ulitengenezwa hivyo makusudi, ili watu wahitajiane.

Lakini je, mpiganaji asipopata mponyaji? Atasubiri, pengine saa nzima. Ndipo wengine wakawaza: kwa nini nisiwe na wote wawili? Wakafungua akaunti ya pili, wakaweka kompyuta ya pili mezani, wakawa wagonjwa na waganga wao wenyewe.

Kazi yenyewe si ndogo

Mhusika wa pili huamriwa kumfuata wa kwanza. Pigano likianza, mchezaji hubonyeza shambulio upande huu, kisha hukimbilia upande ule kutibu. Katika EverQuest, tiba kubwa ya mponyaji huchukua sekunde 10 kabla haijafanya kazi. Mchezaji akichelewa kuianza, mpiganaji anakufa. Akiwahi mno, nguvu za mponyaji zinapotea bure, na itambidi aketi apumzike ndipo zirudi. Tena katika miaka ya mwanzo ya mchezo huo, mhusika akifa alipoteza sehemu ya maendeleo yake, na vifaa vyake vilibaki na maiti hadi airudie.

Hivyo basi, kijana akisema "Mama, subiri kidogo," si lazima iwe jeuri. Yumo ndani ya zile sekunde 10.

Wengine huuliza kama huu ni udanganyifu. Katika World of Warcraft na EVE Online, kulipia akaunti zaidi ya moja na kuzichezesha kwa mikono yako si kosa. Kilichokatazwa ni kutumia programu ya kunakili bonyezo moja la kibodi na kulipeleka kwa wahusika wengi kwa mpigo. EVE Online ilianza kukataza hilo tarehe 1 Januari 2015, na World of Warcraft mwezi Novemba 2020.

Nani analipa gharama?

Ya kwanza ni fedha. Nchini Marekani, akaunti moja ya World of Warcraft inalipiwa dola 14.99 kwa mwezi. Akaunti mbili ni karibu dola 360 kwa mwaka, mbali na umeme na kompyuta.

Ya pili ni akili. Binadamu hafanyi mambo mawili ya kufikiri kwa wakati mmoja. Akili yake huruka kutoka hili kwenda lile, na kila mruko hupunguza kasi na kuongeza makosa. Sisi tuliozoea wodi tunalijua hili: muuguzi anayepima dawa asisemeshwe. Mwenye wahusika wawili ameijaza nafasi yote ya usikivu wake. Mtoto akilia, au mke akiuliza jambo, hiyo ni sauti ya tatu, na ndiyo inayoanguka.

Ya tatu huonekana polepole, nayo ni upweke. Zamani yule mponyaji alikuwa mtu mwingine, wa kusalimiwa, kusubiriwa na kushukuriwa. Sasa mchezaji anajitibu mwenyewe na hana wa kumwambia ahsante. Kwa hiyo muulize kwa upole: "Kwa nini wawili?" Anayejibu "Napenda ugumu wake" ni tofauti na anayejibu "Sina wa kucheza naye." Huyu wa pili anahitaji rafiki kuliko karipio.

Tufanye nini nyumbani?

Kwanza, keti naye robo saa akuonyeshe nani anamtibu nani. Utashangaa jinsi atakavyofurahi kuulizwa.

Pili, kubalianeni saa ya kumaliza kabla hajaanza, na umkumbushe dakika 15 kabla ya chakula. "Pigano hili likiisha" ni mpaka wa haki. Pigano linalofuata halimo.

Tatu, akaunti ya pili ilipiwe kwa fedha inayojulikana, isiyotoka kwenye ada wala posho ya nyumbani. Kwa baba watoto, hili lizungumzwe mkiwa wawili, si mbele ya watoto.

Nne, kompyuta zisilale chumba kimoja na kijana. Usingizi ulioibwa usiku hudaiwa darasani asubuhi.

Tusimwite mgonjwa kila anayecheza. Shirika la Afya Duniani limeweka tatizo la michezo ya kompyuta katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, na linataja dalili tatu: mtu hawezi kujizuia, mchezo unatangulia mambo mengine yote ya maisha, na anaendelea hata baada ya kuona madhara. Kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12 hivi, na iwe imevuruga familia, masomo au kazi. Ukiziona zote, usingoje. Nenda naye kwa daktari au mshauri.

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Mchezaji hodari anaweza kushika wahusika wake wote wawili asiangushe hata mmoja. Basi akina mama, tunapoangalia kioo cha kompyuta, tusihesabu wahusika waliosalimika tu. Tuhesabu pia nani hapa nyumbani ameita mara tatu leo bila kujibiwa, na mazungumzo yetu yaanzie hapo.