Kuvuka Ziwa Kwenda Kutazama Mchezo wa Nyimbo

Mwezi wa Desemba, shule zifungwapo, jamaa nyingi za Kisumu hufikiri namna ya kuwaburudisha watoto. Iko safari moja ifaayo kujulikana na wengi, nayo ni kuvuka ziwa kwenda kisiwa cha Rusinga, ambako tamasha la utamaduni wa Abasuba limekuwa likifanyika katika mwezi huo. Huko nyimbo, ngoma na desturi za wazee huoneshwa mbele ya watu.

Njia yenyewe si ngumu. Msafiri hutoka Kisumu kwa gari mpaka Luanda K'Otieno, katika Rarieda, na hapo huingia kivuko kiendacho Mbita. Kutoka Mbita mtu huingia Rusinga kwa daraja. Zamani palikuwa na tuta la mawe na udongo lililozuia maji yasipite. Daraja liliyafungulia maji njia yake tena.

Mchezo wa nyimbo ni nini?

Watu wengine hudhani ya kuwa mchezo wa nyimbo ni ngoma tu. Sivyo. Katika ngoma ya kijiji kila mtu aweza kuingia uwanjani, bali katika mchezo wa jukwaani watazamaji huketi, na wachezaji huwasimulia kisa chenye mwanzo, kati na mwisho. Jambo dogo husemwa kwa maneno. Lakini furaha, hasira au majuto yazidipo, mchezaji huimba, na kundi humwitikia. Nyatiti yenye nyuzi nane, orutu yenye uzi mmoja na ngoma za ohangla huwajulisha watu kama mambo ni ya heri au ya shari, hata kabla mchezaji hajafungua kinywa.

Pwani ya ziwa haikosi visa vifaavyo. Mathalani, kiko kisa cha Nyamgondho, mvuvi maskini wa Gwassi, aliyevua mwanamke ziwani badala ya samaki. Akamwoa, naye akamletea mifugo mingi. Nyamgondho alipolewa na kumtukana, mwanamke alirudi majini, na mifugo yote ikamfuata. Msomaji na afikiri jinsi wimbo wa kuagana uwezavyo kuwagusa watoto kuliko mahubiri marefu juu ya ulevi.

Lugha inayopungua

Iko faida nyingine. Wazee wa Abasuba walitoka upande wa Uganda miaka mingi iliyopita, nao walisema lugha yao ya Kibantu. Kwa kuoana na kufanya biashara na Wajaluo, wengi wao walizoea Kijaluo, na leo Kisuba ni miongoni mwa lugha zilizo katika hatari ya kupotea. Mtoto wa Kisuba aliyezaliwa mjini aweza kufika utu uzima asijue hata salamu ya babu yake. Wimbo hukaa kichwani upesi kuliko somo. Mtoto akirudi nyumbani huku akiimba maneno kumi ya Kisuba, safari haikuwa bure. Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa.

Maji hayana mchezo

Ilakini furaha isimsahaulishe mzazi hatari. Ziwa Victoria lina eneo la kilometa za mraba 68,800 hivi, nalo lina tabia zake. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, basi upepo huvuma kutoka ziwani kwenda bara, usiku hugeuka. Upepo huo wa mchana ukutanapo na pepo za mashariki, mawingu hupanda, na mara nyingi jioni huja mvua ya radi na mawimbi. Kwa hiyo yafaa kuvuka asubuhi, na kulala huko ikiwa mchezo utakwisha jioni.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni watu kujazana chomboni. Mei 21, 1996, meli ya Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Septemba 20, 2018, kivuko cha Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, na watu zaidi ya 220 wakapoteza maisha, ingawa kivuko kile kilitengenezwa kwa watu wapatao 100 tu. Chombo kilichojaa kupita kiasi huzama chini zaidi majini, na abiria wakikimbilia upande mmoja ili wawahi kushuka, huweza kulala na kupinduka kwa dakika chache.

Basi kabla ya kuondoka, mzazi na ahakikishe ya kuwa kila mtu, hata mtoto mdogo, amevaa jaketi la kuokolea maisha, nalo limefungwa barabara. Watoto waketi, wasisimame ukingoni, wala mtu asiondoke mahali pake mpaka chombo kimefungwa gatini.

Baba aliyekwisha kulipa nauli huona haya kuwashusha watoto wake mbele ya watu, hasa wanapolia kwa kuogopa kuukosa mchezo. Asione haya. Akiona chombo kimejaa, na awashushe, wangojee kingine. Mchezo uliokosekana leo utachezwa tena mwaka ujao; mtoto aliyezama hapatikani tena.

Tahadhari kabla ya hatari.