Kamera ya ulinzi Tunduma: mipangilio ya mtandao ya kukagua kabla fundi hajaondoka

Kamera za ulinzi unazoweza kuziangalia kwenye simu sasa zinafungwa kwenye maghala ya mahindi, kwa mawakala wa fedha na kwenye maegesho ya malori. Kamera ikimaliza bando au ikipotea hewani usiku, mara nyingi yenyewe ni nzima. Kasoro iko kwenye mipangilio ya mtandao, na sisi wa mpakani tuna mambo mawili ambayo mtu wa Morogoro hakutani nayo.

La kwanza ni minara ya Nakonde. Kamera nyingi hutumia laini ya simu, iwe ndani ya kamera au kwenye ruta. Laini ikiachwa ijichagulie mtandao, mnara wa kwetu ukififia inaweza kushika wa Zambia. Hapo intaneti inakatika, au inakula salio kwa bei ya nje ya nchi. Ingia kwenye mipangilio, zima romingi, kisha chagua mwenyewe mtandao wa kampuni ya laini yako. Kama mnara upo lakini intaneti haipatikani, angalia APN. Hilo ni jina la njia ambayo laini hupitia kuingia kwenye intaneti, na kila kampuni ina lake. Piga simu huduma kwa wateja wakutajie, uliandike herufi kwa herufi.

La pili ni saa. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja. Kamera nyingi huchukua saa kwenye simu iliyotumika kuziunganisha, na simu iliyoshika mnara wa ng'ambo inaweza kuonyesha saa ya ng'ambo. Mwizi aliyeingia ghalani saa nane usiku ataonekana ameingia saa saba, wakati mlinzi wako anasema saa hiyo alikuwa mlangoni na hakuona mtu. Ukifika polisi, nani ataaminiwa? Chagua GMT+3, Dar es Salaam au Nairobi. Kumbuka pia kwamba saa nane usiku kamera itaiandika 02:00.

Kwa wanaotumia waifai: kamera nyingi za bei nafuu hushika masafa ya 2.4 GHz tu. Ruta ikitoa na 5 GHz, yape majina mawili tofauti, kamera uiunganishe na lile la 2.4.

Bando nalo lina hesabu yake. Kamera inayorusha picha kwa megabiti 1 kwa sekunde hutumia MB 450 kwa saa, yaani zaidi ya GB 10 kwa siku moja. Weka memori kadi irekodi humo humo, na simu ipokee taarifa pale tu kitu kinaposogea. Punguza ubora wa picha unapoangalia ukiwa mbali.

Sasa nywila, na hapa hatuna utani. Oktoba 2016, kirusi kilichoitwa Mirai kiliteka kamera na ruta nyingi duniani kwa kujaribu tu nywila za kiwandani, kama "admin" na "12345". Tarehe 21 mwezi huo vifaa vilivyotekwa vilitumika kuangusha huduma ambazo Twitter na Netflix zilizitegemea. Wenye kamera hizo hawakujua lolote. Badilisha nywila ya kamera na ya ruta, zisifanane. Fundi akisema lazima afungue poti kwenye ruta ndipo uone picha ukiwa mbali, muulize sababu. Kamera nyingi za sasa huonekana kupitia programu yake bila hilo, na poti iliyo wazi inaweza kugongwa na yeyote duniani.

Hakikisha pia kamera imesajiliwa kwa namba au barua pepe yako, si ya fundi. Aliyeisajili ndiye mwenye kamera, na anaweza kuangalia sebule yako akiwa kwake. Kama tayari iko kwa jina lake, aifute kwenye akaunti yake mbele yako, nawe uisajili upya.

Usiielekeze uani kwa jirani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na picha ya mtu ni taarifa yake.

Kabla hujamlipa fundi, zima waifai kwenye simu yako, washa data, tembea hadi barabarani, kisha fungua kamera. Picha ikija na saa ni sahihi, mlipe.