Muziki wa laivu Ubaruku: Faida iko nje ya mlango

WAFANYABIASHARA wa mpunga hapa Ubaruku wanaujua msimu ambao fedha huonekana. Mpunga ukishavunwa na mashine za kukoboa zikianza kunguruma, nyumba za wageni hujaa, mama lishe huongeza masufuria, na wenye kumbi huanza kuulizia bendi. Kwa anayefikiria kuweka mtaji katika tamasha la muziki wa laivu, swali la kwanza ni hili: ngoma ikishakwisha, nani hubaki na faida?

Jibu linaweza kutafutwa Zanzibar. Tamasha la Sauti za Busara lilianza mwaka 2004 na hufanyika Februari, Ngome Kongwe likiwa jukwaa lake kuu. Wasanii hutakiwa kupiga vyombo, si kuimba juu ya CD. Hata hivyo, mwaka 2016 tamasha hilo halikufanyika kwa kukosa fedha, likarejea 2017. Wateja walikuwapo. Tatizo ni kwamba tiketi peke yake hazikutosheleza gharama, na pengo lilitegemea wafadhili. Mgeni hulipa kiingilio langoni, lakini hoteli, chakula na teksi hulipia kila siku, na fedha hizo hazipiti kwa mwandaaji.

Mwanamuziki wa kujitegemea ndiye anayeumia zaidi. Zamani bendi kubwa za dansi zilikuwa na mwenyewe. NUTA Jazz, ambayo leo ni Msondo Ngoma, ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Vyombo vilikuwa vya taasisi na mpigaji alipata mshahara. Leo asiye na mwajiri hukodi gitaa, spika na gari. Utaratibu uliozoeleka ni bendi kuchukua kiingilio na mwenye baa kuchukua mauzo ya vinywaji. Watu wakiwa wachache, hasara ya kwanza ni ya bendi.

Tufanye hesabu ya mfano tu. Watu 500 wakilipa sh. 5,000 kila mmoja, mlangoni zinapatikana sh. 2,500,000. Tuseme vyombo, jenereta, usafiri, malazi, vibali na ulinzi vimekula sh. 2,200,000. Zinabaki sh. 300,000. Bendi ya watu 10 itagawana sh. 30,000 kila mmoja. Wakija watu 300, makusanyo ni sh. 1,500,000 na mwandaaji amekwishapoteza sh. 700,000 kabla hajamlipa mpiga ngoma hata senti.

Wakati huohuo, wale 500 wakitumia sh. 4,000 kila mmoja kwa nyama, chipsi na soda, sh. 2,000,000 zimezunguka nje ya hesabu ya mwandaaji. Wachuuzi 20 wakilipia nafasi sh. 20,000 kila mmoja, zinapatikana sh. 400,000. Mgawo wa mwanamuziki unapanda kutoka sh. 30,000 hadi 70,000, na mchuuzi bado ana chake.

Ukubwa wa kundi nao ni gharama. Jagwa Music, kundi la mchiriku la Dar es Salaam, lilifika hadi majukwaa ya Ulaya likitegemea kinanda kidogo na ngoma. Mzigo mdogo hupunguza nauli, na Ubaruku haiko juu ya barabara kuu ya Dar es Salaam–Mbeya.

Kwa mwekezaji mdogo, ushauri ni huu. Panga tarehe baada ya mpunga kuuzwa, si wakati wa palizi. Uza nafasi za biashara mapema, ili kodi ya vyombo ilipwe kabla ya mlango kufunguliwa. Andikiana na bendi kiasi cha chini watakacholipwa hata mvua ikinyesha. Bendi iliyolipwa itarudi msimu ujao. Iliyokopwa itawaonya wenzake, na ukumbi wako utabaki na viti.